Fundi Kesho Kwenda kwa Mzee Leo

Tarehe kumi na nne ya Mfunguo Saba, mwaka jana, nilimpoteza mke wangu Mwanaidi, hapa hapa Bweni, Mafia, baada ya kuishi naye miaka ishirini na sita. Mlikuja mkazika, mkakaa matanga, mkala wali, mkaenda zenu, Mungu awalipe. Sasa nimerudi kutoka safari ya siku kumi, na kila anayepita kwenye cherehani yangu anauliza nilikwenda wapi na kile kitabu kwapani. Nikisimulia kwa mdomo, jirani yangu Bakari ananikatiza na kuongeza ya kwake. Kwa hiyo nimeandika. Elimu yangu ni darasa la saba, na la saba lenyewe nilimaliza kwa kuhurumiwa, lakini sitaongeza chumvi, na yale ya kunitia aibu nimeyaacha yalivyo.

Kwanza kitabu chenyewe. Mnamkumbuka Bibi Hana, yule mzee wa Kiyahudi aliyekuwa akija kila msimu wa papa potwe, kuwatazama wale samaki wakubwa, na kupanga chumba nyumba ya pili kutoka yetu. Mwaka wa kwanza aliniletea suruali imechanika gotini. Nikamwambia kesho. Mnanijua. Akaja kesho yake, nikamwambia kesho. Suruali ile ilikaa msumarini wiki tatu, na kwa wiki tatu Bibi Hana alikuja kila asubuhi kuifuata, akakaa mkekani na Mwanaidi, akafungua kitabu chake akasoma huku anasubiri. Mwanaidi akaona kinasomwa kutoka kulia kama msahafu, lakini herufi si zile. Akauliza. Yule bibi akaanza kumfundisha. Mwaka wa pili Bibi Hana alikuja na suruali ambayo, nilivyouona ule mchano, aliikata mwenyewe kwa mkasi.

Mtaani habari zikaenea kwamba ametoka Israeli. Mwenyewe alisema ametoka Johanesbagi, ana kaka yake Lushoto, na huko Israeli alifika mara moja akaona joto. Haikusaidia. Kwetu Israili ni mtoa roho, na watu hawakuwa na haja ya kutofautisha herufi. Jirani yetu aliyekuwa mgonjwa kitandani aliomba yule bibi asipitishwe mlangoni kwake. Mwanaidi alicheka siku mbili.

Safari yake ya mwisho Bibi Hana alimwachia Mwanaidi kitabu, na ndani ya jalada akaandika kwa herufi za kawaida jina la kaka yake: Leo, Lushoto, juu ya kanisa. Mimi nilikiweka kitabu juu ya kabati, nikawa nanawa kabla ya kukifuta vumbi. Mwanaidi aliniambia ni hadithi tu, na mojawapo ni ya fundi nguo mwongo kama mimi. Sikuamini. Kitu kinachoanzia kulia hakiwezi kuwa na upuuzi ndani, ndivyo nilivyofikiri.

Kisha alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi. Akaniambia nimpeleke hospitali Kilindoni. Nilikuwa na sare za harusi ya kijiji cha Kanga, magauni kumi na manane ya kitambaa kimoja. Nikamwambia kesho. Kesho yake nikamwambia kesho. Siku ya tatu vilevile. Siku ya nne tulikwenda, na baada ya siku kumi na moja akafariki nyumbani. Daktari hakusema kama zile siku tatu zilikuwa na uzito wowote. Mimi sikumuuliza.

Siku zile tatu alikaa mkekani nyuma yangu akiandika kwa penseli kwenye kurasa tupu za mwisho wa kile kitabu, kwa herufi zile zile za Bibi Hana. Nilimuuliza, bila kugeuka, anaandika nini. Akasema, "Nakushtaki." Cherehani ilikuwa inakwenda. Sikugeuka, kwa hiyo sijui alilisema kwa uso gani.

Hilo ndilo lililonitoa Bweni. Nilitaka kujua nimeshtakiwa nini.

Bweni mpaka Kilindoni

Nilimwomba kijana wa bodaboda aliyenibeba apite Kanga kwa kasi, maana pale wapo watu watatu ambao nguo zao ninazo. Akanielewa bila kuuliza. Tukapata pancha Kanga, katikati ya barabara, mbele ya duka.

Wakaja wote watatu. Sijui nani aliwaita. Mama Rukia, mama wa yule bibi harusi, ndiye aliyekuwa wa kwanza, kwa sababu ndoa ina miezi sasa na gauni lake yeye bado halina mikono. Aliniambia kwa upole kwamba amehudhuria harusi ya mwanawe amejitanda kanga mbili mabegani kama mgonjwa wa homa. Nikamwambia nikirudi nitaanza na lake. Akaona kitabu.

"Hicho nini, fundi?"

"Kitabu cha marehemu."

Akakifungua kidogo, akaona zile herufi, akakifunga kwa adabu. "Haya, weka mkono hapo uape. Ukirudi, mikono."

Nikasema siapi, kwa sababu sijui ndani mna nini. Akanitazama sana, kisha akawageukia wenzake. "Basi hiki ni kitabu cha kweli," akasema. "Kingekuwa cha uongo, huyu angeshaapa mara tatu."

Pancha ikazibwa, tukaondoka. Nilijisikia kama niliyesifiwa, mpaka tulipofika Kirongwe ndipo nikaelewa.

Majini

Boti ilikuwa iondoke alfajiri. Maji yalikuwa yamekupwa, tukangoja yajae. Yalipojaa, ikawa anangojwa mtu mmoja mwenye mashine ya barafu, na alipofika mtu, mashine ilikuwa bado. Nilikula chapati mbili na maharage, nikarudia, nikanunua na kashata, na bado tulikuwa gatini.

Tulipotoka, bahari ilikuwa mbaya. Kando yangu alikaa mama mmoja mnene anayepeleka pweza wakavu Temeke, na kabla hatujaiacha Kilindoni mbali alikuwa ameshikilia mfuko wa plastiki kwa mikono miwili. Upande wa pili alikaa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa bara, Mkristo, anakwenda likizo. Mwalimu ndiye aliyekiona kitabu. Akavua kofia. Akasema hizo ni herufi za Agano la Kale, Musa mwenyewe aliandika kwa hizo, akaniomba akishike kidogo. Nikampa. Akakipakata kama mtoto mchanga.

Yule mama akainua kichwa kwenye mfuko. "Mwalimu, kama ni cha nabii Musa, basi na sisi ni nabii wetu. Hebu nikiwekee kifuani."

Nikawaambia wote wawili ukweli: sijui ni kitabu gani, mke wangu alisema ni hadithi, na mimi nakipeleka kwa mtu anisomee. Mama akasema hiyo ndiyo dawa nzuri, usiyoijua. Kitabu kikawekwa kifuani mwake, kimefunguliwa, mwalimu amekishika juu kisianguke. Na lazima niseme kilichotokea: hakutapika tena mpaka tukashuka Nyamisati, ng'ambo. Abiria wengine wawili wakaomba. Mmoja alipata nafuu, mmoja alitapika, na huyo aliyetapika mama akamwambia ni imani yake haba.

Tulipoagana gatini mama alinipa pweza mzima. Nilimkatalia, akanishindilia begini. Nikaenda mpaka Lushoto nanuka pweza.

Mbagala, kwa shemeji

Mdogo wake Mwanaidi, Saada, anauza vitafunwa nyumbani kwake Mbagala. Tangu msibani alikuwa hajanipigia simu. Nilifika mchana, akanipokea vizuri mno, akanipa maji ya kuoga, akanipa wali na samaki wa kupaka, akakaa mbele yangu kwenye kigoda, akaningoja nimeze tonge la kwanza.

"Shemeji," akasema, "dada aliniambia kwa simu siku ile ya pili. Nikamwambia panda pikipiki mwenyewe, mwache na magauni yake. Akasema anangoja."

Nikamwambia zilikuwa siku tatu.

"Najua zilikuwa tatu."

Nikatoa kitabu, nikamwonyesha zile kurasa za penseli. Nikamweleza lile neno, nakushtaki. Saada akazishika kurasa kwa vidole vyenye unga, akazitazama kama anayetafuta mahali pa kuingilia. Yeye ndiye aliyeniambia kwamba siku hizi hakuna haja ya kusafiri, simu inasoma kila kitu. Akamwita jirani yake, dada mmoja anayefanya kazi ya kuchapa barua kwenye duka la fotokopi, mwenye simu kubwa. Yule dada akapiga picha ukurasa wa kwanza, akabonyeza, tukasubiri wote watatu tumeiinamia. Simu ikasema: *Tikiti la wakili limeamka. Baba, nyoa kanisa.*

Tukaitazama. Akapiga tena, akiwa amesogea kwenye mwanga. Simu ikasema wakili amekuwa bata.

Saada akaanza kucheka, na mimi nikacheka, na hiyo ndiyo mara ya kwanza tulicheka pamoja tangu msiba. Kisha akajifuta macho kwa upindo wa kanga, akawa kama alivyokuwa kabla.

"Nenda Lushoto," akasema. "Ukisomewa, uniletee yote. Kama amekuandika vibaya usiniruke mstari. Nitajua."

Nikamwambia sitaruka.

Mombo na kupanda

Ya basi si mengi. Ilikuwa safari ya siku nzima, na mbele yangu alikaa mtu aliyevaa koti lililoshonwa bega la kushoto likakaa kulia. Nilitazama bega lile kutoka Chalinze mpaka Segera, nikajiuliza kama fundi wake naye alifanya haraka kwa sababu ya maneno ya watu. Hiyo ndiyo hasara ya kuharakisha, na sisemi ili kujitetea.

Mombo tulishuka tukala nyama ya kuchoma na ndizi. Gari la kupanda mlimani lilisubiri lijae. Mimi sikuwa nimewahi kuona barabara inayojizungusha hivyo; kila tukipinda naona pale tulipokuwa, chini yangu, kana kwamba tumesahau kitu. Juu kukawa na baridi. Nilikuwa na shati moja la tetroni. Dada mmoja aliyekuwa na kapu la mapeasi aliniuliza nimetoka wapi, nikamwambia Mafia, akanipa mapeasi mawili na pole, kana kwamba nimefiwa. Nikamwambia asante, ni kweli, nimefiwa. Akaniongezea la tatu.

Lushoto: Leo hayupo

Nyumba ya juu ya kanisa ilikuwa ya mawe, ina bustani ya kabichi. Mama mmoja mfanyakazi wa pale alikuwa anapalilia. Nikapiga hodi, nikamwamkia, nikasema namtafuta Leo.

"Unamtafuta nani leo?"

"Leo."

"Ndiyo, baba, leo. Nani?"

"Mzee Leo."

"Hapa leo yupo mzee yupi?" akajiuliza mwenyewe, akasimama na jembe. Kisha uso ukamfunguka. "Ah. Leo. Leo hayupo."

Nikamuuliza, leo hayupo au Leo hayupo. Akasema vyote viwili. Mzee ameshuka Tanga kuchukua meno ya bandia, na fundi wa meno amemwambia kesho. "Na wewe njoo kesho," akaniambia.

Nikaenda kulala kwenye nyumba ya wageni yenye mablanketi matatu, nayo hayakutosha. Kesho yake nikaja. Meno bado, kesho. Nikarudi tena siku ya tatu, na yule mama, akiniona tu langoni, akatikisa kichwa kabla sijafungua mdomo. Nikakaa kwenye jiwe nje ya lango. Nilimfikiria Mama Rukia na kanga zake mbili. Nilimfikiria Bibi Hana wiki zile tatu. Halafu nikamfikiria Mwanaidi, na hapo nikasimama nikatembea, kwa sababu jiwe lilikuwa baridi.

Saa tisa alasiri gari likaingia, akashuka mzee mrefu, mwembamba, amevaa sweta lililotoboka viwiko vyote viwili. Yule mama akanionyesha kwa kidole. Nikamwamkia shikamoo. Akasema marahaba, kwa Kiswahili cha Tanga kabisa, meno mapya yakapiga mluzi kidogo. Nikajitambulisha: fundi nguo kutoka Mafia. Akanitazama tangu kichwani mpaka viatuni.

"Wewe ndiye Fundi Kesho," akasema. "Dada yangu alinihadithia. Mimi ndiye Leo. Tangu nizaliwe watu wa hapa wananiuliza kesho nitaitwaje."

Nikamuuliza Bibi Hana hajambo. Akasema amefariki huko Johanesbagi, kabla hata ya msimu uliopita. Nikampa pole. Nikamwambia na mwenzake naye, Mwanaidi, ametutoka. Hakujua. Akanishika mkono akaniingiza ndani mpaka mezani.

Kusomewa

Chakula kilikuwa supu nyekundu. Nyekundu ya damu hasa, na katikati kuna maziwa mgando. Nikaweka kijiko chini. Nikatafuta namna ya kusema kwa heshima kwamba dini yangu hairuhusu. Mzee Leo akala vijiko viwili kabla ya kugundua.

"Ni bitiruti," akasema. "Damu hata sisi hatuli. Nguruwe pia. Mama yangu angekuwa hai angekupenda, ila angekulazimisha umalize."

Nikamaliza. Ni tamu, ina uchachu kama wa ukwaju. Yule pweza naye nilimtoa begini, nikiwaza nimelipa fadhila. Akamtazama kwa huzuni, akasema kwao hata huyo haliwi, hana magamba. Yule mama wa kabichi ndiye aliyemchukua.

Kisha akavaa miwani, akafungua kitabu, na kwa muda alisoma kimya huku midomo inacheza. Nikamwambia habari ya boti, ya mama wa pweza na ya mwalimu aliyevua kofia. Akaniuliza kilifunguliwa ukurasa gani kifuani mwa mama. Nikamwonyesha, pana doa la mafuta. Akasoma, akaanza kutikisika. Ukurasa ule, akasema, ni wa mtu aliyeiba chungu cha mafuta ya bata siku ya mfungo, akakificha kitandani kwa mama mkwe wake.

Nilimuuliza kwa nini basi maandishi kama yale yaandike mambo kama yale. Akanieleza, na nitaandika nilivyoelewa. Wazee wao walikuwa na lugha mbili. Moja ya sala, ya wanaume, ya chuoni. Nyingine ya jikoni na sokoni, waliyolelewa nayo na mama zao, na wasomi waliiona ya aibu. Lakini herufi ni zile zile. Kisha dunia ikawafikia: gari moshi, magazeti, vijana kunyoa ndevu, mabinti kukataa waume waliochaguliwa, watu kupanda meli kwenda Amerika. Vijana waliotoka vyuoni wakataka kuyaandika hayo, na lugha ya sala haikuwa na maneno ya hayo. Wakachukua lugha ya jikoni, wakaivalisha herufi za sala, wakaandika habari za mafundi nguo, wauza maziwa na wake wakali. Wazee wakakasirika. Herufi za Mungu kwa kuandikia mafuta ya bata.

Nikamwambia bibi yangu mzaa baba hakujua Kiarabu hata neno, ila aliandika barua zake zote kwa herufi za Kiarabu, kwa Kiswahili, na nyingi zilikuwa za kumsengenya wifi yake. Akasema basi nimeshaelewa, hana la kuongeza.

Nikauliza watu wa miji ile, waliokuwa wakivisoma vitabu hivi, wako wapi. Akasema wengi waliuawa, mji baada ya mji, na ndugu za mama yake wakiwamo. Akafunga kitabu, akafuta miwani. Alikuwa hajasoma lugha ile kwa sauti tangu Hana aondoke. Hakuna wa kumsikiliza.

Nikamwonyesha kurasa za mwisho.

Akasogea dirishani. Akatazama ile penseli, akakunja uso. Akasema mwandiko ni mzuri, wa mwanafunzi mwangalifu, lakini haelewi neno hata moja. Labda ni lugha ya mji mwingine. Akasoma kwa sauti, polepole, kwa matamshi ya mama yake: *paalikuwa na fuundi ki-siwa-ni, jiina laake Keesho.*

Mimi ndiye niliyeelewa kwanza. Nilishika meza. Yeye akaendelea maneno mengine matatu kabla ya kusimama, akavua miwani, akanitazama.

"Hiki ni Kiswahili," akasema.

Nikamwomba aendelee. Nilikuwa na daftari, nikawa naandika kila anachosoma, na sehemu nyingine nilimrudisha nyuma kwa sababu mkono haukumudu. Nitawapa kwa kifupi. Daftari lipo, anayetaka aje.

Israili alitumwa Bweni kuchukua mtu. Njiani joho lake likanasa kwenye seng'enge ya shamba la minazi, likachanika. Malaika haingii nyumba ya watu na joho limechanika, basi akalipeleka kwa fundi. Fundi akamwambia kesho. Akaja kesho, akaambiwa kesho. Bila joho hawezi kufanya kazi, kwa hiyo kisiwa kizima hakufi mtu. *Wachimba makaburi wakaanza kulima mihogo. Mzee mmoja aliyekwisha kuwaaga wanawe mara tatu akaona haya, akaomba uji.* Kila asubuhi Israili anakuja na kofia kubwa ya ukili, anakaa mkekani na mke wa fundi, analalamika kwamba chai haina tangawizi ya kutosha, na kwamba kuku wa jirani wana kelele.

Hapo Mzee Leo aliweka kitabu chini. Alicheka mpaka akakohoa, akatoa meno akayashika mkononi. "Huyu ni Hana," alisema alipoweza. "Hii kofia nilimnunulia mimi."

Akarudisha meno, akaendelea. Siku moja mke wa fundi akamuuliza mgeni wake, umemfuata nani hapa Bweni. *Israili akatoa karatasi, akaisoma, akaona haya, akaikunja akairudisha mfukoni. Wakaendelea kunywa chai. Mke wa fundi akamtazama mumewe mgongo, akafikiri: nikimwambia huyu ni nini anachochelewesha, kwa mara ya kwanza maishani mwake ataharakisha kitu, na atakosea. Akanyamaza.*

Mimi nilikuwa nimeacha kuandika, Mzee Leo akaningoja. Nikaandika.

Mwisho Israili akawa hana raha tena, maana huko alikotumwa wanamuulizia. Mchana mmoja fundi amelala, mke wa fundi akachukua sindano, akalishona joho mwenyewe, mishono saba, akamkabidhi mgeni. Fundi akaamka, akaona msumari mtupu. Akauliza, mteja ameshachukua? *Israili alikuwa mlangoni anangoja. Mke wa fundi akamtazama mumewe, ame—*

Mzee Leo akasimama hapo. Neno la mwisho la ukurasa wa mwisho lilikuwa na tundu. Mdudu wa karatasi alikuwa amepita katikati yake. Akaleta kioo cha kukuzia. Akasema herufi za mwanzo zinasomeka, *amech*, na za mwisho zinasomeka, *ka*. Iliyoliwa ni moja tu, ya katikati. Ingekuwa e, ingefanana na panda ya manati. Ingekuwa o, ingefanana na matawi mawili yaliyoshikana. Kilichobaki ukingoni mwa tundu ni kamguu kamoja, na herufi zote mbili zina kamguu pale.

"Amecheka," akasema, "au amechoka."

Nikamwomba atazame tena. Akatazama nje kwenye jua, akatazama mbele ya taa, akajaribu upande wa nyuma wa karatasi kwa kidole kama penseli imeacha mfereji. Nikamwambia achague yeye, yeye ndiye anayejua kusoma.

"Mimi nasoma, sibahatishi. Chagua wewe, wewe ndiye uliyekaa naye."

Nikamwambia nilikuwa nimempa mgongo.

Nilimuuliza kama haya ni mashtaka. Akafikiri. Akasema ndani ya kitabu kile watu wanamshtaki mpaka Mungu, halafu wanamkaribisha chakula, kwa hiyo hawezi kunipa hukumu. Akaniomba jambo moja, nimwachie anakili hadithi ile kwa mkono wake, kwa herufi zile zile. Alinakili jioni yote, na kwenye tundu aliacha nafasi. Mimi nilimshonea viwiko vya sweta. Vilikwisha kabla yake.

Mbagala tena

Saada alikuwa anakaanga kalimati nilipoingia. Akasema nisubiri atoe za mwisho. Akatoa, akazima jiko, akakaa kwenye kigoda, akaniambia nisome, na nisiruke.

Nikasoma kutoka kwenye daftari. Kwenye wachimba makaburi alicheka. Kwenye tangawizi alicheka sana, akasema Bibi Hana alikuwa hivyo hivyo, aliwahi kumrudishia chai yeye mwenyewe Saada alipokuja kututembelea Bweni. Kwenye mgongo wa fundi aliinama akaanza kubandua unga uliokauka kwenye kucha. Nikasoma mpaka kwenye tundu, nikamweleza habari ya mdudu, na kwamba mzee hakukubali kubahatisha.

"Soma yote mawili," akasema.

Nikasoma: Mke wa fundi akamtazama mumewe, amecheka. Nikasoma: Mke wa fundi akamtazama mumewe, amechoka.

Nje mteja alibisha hodi kutaka kalimati, hakumjibu.

"Geuza," akaniambia.

Sikumwelewa.

"Anza na hilo la pili, shemeji. Halafu hilo lingine."

Nikageuza, nikasoma hivyo alivyotaka, amechoka kwanza, nikamalizia na amecheka. Akainuka, akaenda mlangoni kumhudumia mteja.